Kampuni Iliyobeba Jina Lako

Tausi mwanangu,

Mlango wa chumba chako umefungwa na mimi sibishi hodi. Juzi pale mezani nilipiga kelele za kututosha mwezi mzima. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi kabisa. Najua utaisoma polepole, midomo ikikuchezacheza, na ukifika mahali usipokubaliana nami hutaweza kunikatiza kwa hicho Kiingereza chako cha mbio. Angalau mara moja katika maisha yetu nitamaliza ninachotaka kusema.

Habari za sweta, ufunguo wa akiba na kula vizuri utaambiwa na baba yako uwanja wa ndege. Maneno yake ni machache. Mwachie hayo.

Mimi nina jambo moja tu. Jumatatu, huko Vancouver, utawekewa mkataba mbele yako. Hao vijana wanaotengeneza programu za simu wamekuambia hawatakuajiri. Wanataka ufungue kampuni yako mwenyewe, kampuni iwapelekee ankara kila mwezi, wao wailipe kampuni, kampuni ikulipe wewe. Kazi ni ileile ya mwajiriwa: utakaa kwenye kiti chao, kwa saa zao, ukifanya wanachokuagiza. Nilipokuuliza kwa nini basi wanataka mzunguko wote huo, ulisema, "Kila mtu anafanya hivyo, Mama. Hata wewe ulifanya."

Ni hayo maneno ya mwisho yaliyonifanya nipige meza. Kwa sababu ni kweli. Nilifanya, na ulikuwepo. Lakini ulikuwa mtoto, na mimi nilikuonyesha sherehe nikakuficha matanga.

Kumbuka tulivyoanza. Tulifika hapa Scarborough mimi nikiwa na shahada yangu ya Dar es Salaam na miaka yangu ya kuandika programu za kompyuta kubwa za benki, na kazi niliyopewa ikawa kupanga makopo ya nyanya katika duka la pale chini, kwenye plaza. Siku moja akanipigia dalali wa ajira. Hapa huwaita kwa majina ya heshima, lakini mtu anayemtafutia tajiri wafanyakazi kisha akala katikati, kwetu ni dalali. Akasema benki moja kubwa ya mjini inatafuta watu wanaojua zile programu za kizamani ambazo vijana hawataki kujifunza. Nikasema mtu huyo ni mimi.

"Una kampuni?" akauliza.

"Sina. Nina mikono."

Akacheka. "Fungua kampuni, mama. Bila kampuni benki haipokei mtu. Na utakuwa bosi wako mwenyewe."

Tausi, mimi ni mtoto wa shule za kujitegemea. Tulilima shamba la shule, tukafuga kuku wa shule, tukaimba kujitegemea asubuhi kwenye mstari mpaka sauti zikakauka. Mtu wa hapa akiambiwa "kampuni yako mwenyewe" husikia unafuu wa kodi. Mimi nilisikia wimbo wa gwaride. Nilidhani nimekombolewa, tena na dalali.

Jina la kampuni ulichagua wewe. Nilikuuliza tuiite nini, ukasema bila kufikiri, "Tausi." Kwa wiki nzima ukawa unapokea simu ya nyumbani kwa kusema, "Kampuni ya Tausi, tukusaidie nini?" mpaka shangazi yako wa Morogoro akakata simu akidhani amekosea namba, na kadi yake ya kupigia simu ikaliwa bure. Tulicheka sana. Niliagiza kuku na chipsi, baba yako akavaa tai. Nilikufanya uamini kwamba familia yetu imepanda ngazi.

Halafu nikafanya mbaya zaidi. Nilisimama kwenye mkutano wa Watanzania, ule ukumbi wa chini ya kanisa, nikawahubiria wenzangu waache utumwa wa mshahara. Unajua ninavyozungumza nikipata kipaza sauti. Nilipigiwa makofi mpaka viti vikasogea. Watu wawili walinisikiliza wakaenda kufungua kampuni zao, na yakawakuta yaliyonikuta. Mmoja wao hadi leo tukionana dukani hugeukia rafu ya mchele akasoma magunia kana kwamba ni gazeti. Ana haki.

Sasa nikuambie nilivyofanya kazi pale, kwa sababu humo ndimo nilimoanguka.

Mkuu wa kitengo chetu alikuwa Doreen, mwanamke mrefu wa kutoka mashamba ya kaskazini, mwenye kicheko cha dereva wa lori. Mwaka wangu wa kwanza, mama yake akafariki. Asubuhi hiyo ikapitishwa bahasha yenye kadi. Kila mtu akatia sahihi yake chini ya maua yaliyochapishwa, kadi ikapelekwa, watu wakarudi kwenye kompyuta zao. Nikamuuliza jirani yangu wa meza, "Tunakwenda saa ngapi?" Akaniuliza, "Wapi?"

Nilishindwa kukaa. Mtu kafiwa na mama yake, mnampa kadi! Nikapita meza kwa meza, nikakusanya mchango. Wengine walitoa kwa kuniogopa tu. Jumamosi nikawachukua wanawake watatu, nikapika sufuria la pilau, tukapanda treni hadi kijijini kwao. Doreen akafungua mlango akatutazama kama watu waliopotea njia. Kisha akaona sufuria. Akalia palepale mlangoni, mtu mzima yule, na mimi nikamwambia, "Lia, ndicho tulichokuja kufanya."

Tangu siku hiyo nikawa mwenyekiti wa kamati ambayo haikuwa na jina. Mtu akizaa, akifiwa, akioa, akihama, bahasha inaletwa kwangu. Nilisimamia chakula cha Krismasi, mimi Mwislamu. Nilivaa fulana yenye nembo ya benki nikatembea na wafanyakazi wenzangu kuchangia hospitali ya watoto, na picha ile ilibandikwa ukutani karibu na lifti. Nilifurahi. Sikuwa mgeni tena.

Miaka ikapita. Ndipo mamlaka ya kodi ikaandika kwamba inakuja kukagua hesabu za kampuni ya Tausi.

Mhasibu wangu, unamkumbuka, Bwana Shamshu, yule Ismailia wa Upanga anayezungumza Kiswahili cha Kariakoo kuliko mimi. Alinieleza sheria kwa ufupi. Wanaiondoa kampuni kichwani, wanatazama kilichobaki. Kama kilichobaki ni mtu wa biashara, mwenye vifaa vyake, mwenye wateja mbalimbali, anayeweza kupata faida au kula hasara, anayeweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi kwa niaba yake, basi ni kampuni. Kama kilichobaki ni mfanyakazi anayekwenda kila siku kwa tajiri mmoja na kuambiwa afanye nini, basi ni mwajiriwa aliyevaa koti la kampuni. Hapo unafuu wa kodi wa wafanyabiashara wadogo unaondolewa, na karibu gharama zote ulizokata, simu, kompyuta, chumba cha kazi, zinafutwa. Wanarudi nyuma miaka kadhaa, wanaongeza riba. Yote hayo aliniambia. Kisha akasema, "Akikuuliza, jibu fupi. Wewe bibie, fupi."

Afisa aliyekuja alikuwa kijana mwenye adabu, na chupa yake ya maji. Tulikaa katika ofisi ya Shamshu, juu ya duka la sari.

"Unafanyia kazi wapi?" akauliza.

"Ghorofa ya kumi na tisa, karibu na dirisha. Nina meza yangu."

"Meza yako, au ya benki?"

"Yangu. Nisipokuwepo hakuna anayeikalia."

Shamshu akakohoa.

"Siku ukiugua, unaweza kumtuma mtu mwingine akafanye kazi yako?"

"Kumtuma mtu? Mimi sikosi kazini. Nilikwenda na homa, nikaenda na jino limevimba. Muulize Doreen."

Shamshu akakohoa tena, safari hii kama mgonjwa wa kifua.

"Na hafla za wafanyakazi, huwa unahudhuria?"

"Kuhudhuria?" nikasema. "Ninaziandaa mimi!" Nikamwonyesha na picha ya fulana.

Unaelewa kilichotokea? Kila alichouliza, mimi nilisikia swali jingine. Kwetu mtu akija kuchunguza habari zako, iwe ni posa au kazi au kukupangisha nyumba, huuliza mambo hayohayo: anaelewana na watu? Anaonekana misibani? Anatimiza wajibu wake? Nilidhani kijana yule anapima utu wangu, na nilikuwa na miaka mingi ya utu wa kumwonyesha. Kila nilipojisifu, yeye aliandika. Nilikuwa nampa ushahidi kwa sahani, nikimwongezea mchuzi.

Alipoondoka, Shamshu akanishika mkono kule chini, nyuma ya maegesho.

"Mama Tausi, wewe umejichinja mwenyewe, na kisu umekinoa."

"Nimesema kweli!"

"Kweli nani kakuuliza? Kakuuliza kama una biashara! Mfanyabiashara hana Doreen!"

"Hata wewe una watu, Shamshu."

"Mimi nina wateja, dada yangu. Nikifa leo watatuma maua, na jioni watakuwa wamepata mhasibu mwingine."

Nilimkasirikia wiki nzima. Lakini nikuambie uchungu wenyewe, maana sipendi kukulisha nusu: kwa sheria ilivyoandikwa, kijana yule hakukosea. Nilikuwa mwajiriwa. Nilikuwa mwajiriwa tangu siku ya kwanza nilipopewa kadi ya kufungulia milango. Dalali alijua. Benki ilijua, ndiyo maana ikataka kampuni, ili isinilipe likizo, isinichangie pensheni, na siku ikinichoka isinipe hata kiinua mgongo. Mtu pekee ambaye hakujua kwamba ni mwajiriwa ni mimi, mkurugenzi.

Na hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Kama kulikuwa na udanganyifu katika mpango ule, uliandikwa na watu watatu. Dalali aliubuni, benki iliutaka, mimi niliusaini. Bili ikaja kwa mmoja. Ikaja kwa kampuni ya Tausi, kwenye sanduku la barua la ghorofa yetu hii, na wale wawili hawakuguswa hata ukucha. Mimi nikawa popo: mbele ya benki si mwajiriwa, mbele ya serikali si mfanyabiashara. Natozwa kama mnyama na kufukuzwa kama ndege.

Nilipoandika kupinga bili ile, watu wa kodi waliniambia kuna njia ya suluhu. Niondoe pingamizi, nao watalegeza mwaka mmoja. Shamshu akasema chukua. Baba yako, ambaye hutoa ushauri kama anayetoa jino, naye akasema chukua. Wahenga wakasema mwenye nguvu mpishe. Mimi nikawaambia wote watatu kwamba nimempisha mwenye nguvu tangu nashuka ndege, na kila nikimpisha anarudi kunikanyaga mguu mwingine. Nikaenda mahakamani, kule mjini, na koti langu jeusi. Sikuwa na wakili. Nilijisemea mwenyewe.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, msikivu. Alinisikiliza asubuhi nzima. Mwishoni nikamwambia, "Mheshimiwa, kama mimi ni mwajiriwa, basi nina mwajiri. Mwajiriwa hazaliwi bila mwajiri. Naomba atajwe jina humu ndani, naye aulizwe kitu."

Akavua miwani. "Bibi," akasema, "hilo si swali lililo mbele yangu leo."

"Litakuwa mbele ya nani, na lini?"

Akasema labda ni swali la bunge. Alilisema kwa upole, na nadhani alilisema kwa dhati. Kisha akaamua dhidi yangu, na kwa sheria hakuwa na la kufanya.

Ukitaka kujua kama nilijuta kwenda, sikujuta. Tulilipa zaidi kuliko kama ningechukua suluhu. Pesa ile ndiyo ingenunua nyumba yetu kule Ajax, mwanangu. Ulikuwa umekwisha chagua rangi ya chumba chako, na mimi nikakuambia riba za mikopo zimepanda tusubiri kidogo. Riba hazikuwa na hatia. Umeishi ujana wako wote katika ghorofa hii, ukilala na kelele za lifti, kwa sababu mama yako alisaini karatasi bila kuuliza, kisha akakataa kuinama. La kwanza nakuomba radhi. La pili sikuombi.

Sikuishia hapo. Nikachukua ile hukumu nikapanda nayo ghorofa ya kumi na tisa. Nikaiweka mezani kwa Doreen. Nikasema, "Serikali imethibitisha mimi ni mfanyakazi wenu. Nimekuja kuchukua likizo zangu."

Doreen akasoma ukurasa wa kwanza, akainuka, akafunga mlango. "Wewe ni mwendawazimu," akasema, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Akaipeleka juu. Kule juu wakajibu kwa mistari miwili kwamba mkataba wao ni na kampuni, si na mimi, na kwamba hawatauhuisha. Mwezi uleule nikarudisha kadi ya milango.

Na sasa nikukumbushe siku ambayo hukupata kueleweshwa. Ilikuwa Jumapili, theluji imegeuka tope. Ukafungua mlango ukakuta Wazungu wanne na Mhindi mmoja wamesimama kwenye korido yetu, wamebeba masufuria yaliyofunikwa kwa karatasi ya foili. Doreen mbele. Waliingia, wakavua viatu, wakakaa chini kwenye zulia, migongo ukutani, kama nilivyowafundisha mimi mwenyewe. Kulikuwa na makaroni ya jibini, na kitu cha viazi ambacho mpaka leo sijui jina lake. Doreen akanipa bahasha kwa mikono miwili. Wakanyamaza. Wewe ukaja jikoni ukaninong'oneza, "Mama, nani amekufa?"

Nikakuambia hakuna, ni wageni. Nilikudanganya. Alikuwa amekufa yule "bosi wangu mwenyewe", mkurugenzi wa kampuni ya Tausi, na wale walikuwa wamekuja kumzika.

Mwanangu, mawakili wanawauzia ushauri siku hizi watu wenye kampuni kama ile yangu. Nimesoma. Usile na wafanyakazi wa mteja. Usionekane kwenye picha zao. Usiwe na kikombe chako jikoni kwao. Ukialikwa sherehe, sema una shughuli. Wanamfundisha mtu kuwa mgeni kwa bidii, kila siku, ili siku akiulizwa aweze kuapa kwamba hakuwa na mtu. Nakataa. Nimeipinga fikra hiyo kwenye magazeti, nimeipinga kanisani na msikitini, na nitaipinga mpaka wanizibe mdomo kwa udongo. Sheria inayoona sufuria la chakula cha msiba na kuliandika kama ushahidi dhidi ya aliyelipika ina ugonjwa, na dawa yake si mimi niache kupika.

Kosa langu halikuwa pale. Kosa langu lilikuwa siku ya dalali. Niliambiwa "bosi wako mwenyewe" nikasikia nilichotamani kusikia, na sikuuliza swali ambalo bibi yako, aliyekuwa akiuza vitenge bila kujua kusoma, aliuliza kila mtu aliyetaka kushirikiana naye: mzigo ukiloa, ni wa nani? Hilo tu. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko dalali, benki na Shamshu wakijumlishwa, na sikuuliza.

Nilikuwa nimefika hapa, Tausi, nikapumzisha mkono, nikachukua kapu la nguo zilizokauka nikuletee. Ni saa mbili usiku. Kule Vancouver bado ni saa kumi na moja, ofisi haijafungwa. Nikafika mlangoni kwako nikakusikia unazungumza na simu. Naandika kwa Kiswahili ulichokisema kwa Kiingereza, na usikatae, maana nilisikia vizuri.

"Nikiugua, naweza kumleta mtu mwingine akae mahali pangu?... Siwezi. Sawa. Na kompyuta ni yenu... Na saa ni zenu. Basi nieleze tena, polepole, mimi ni kampuni kwa namna gani?"

Nilisimama na kapu langu. Mtu wa upande wa pili akaeleza weee. Kisha ukasema, "Na mamlaka ya kodi wakisema mimi ni mwajiriwa wenu, mtalipa nusu ya bili? Basi theluthi?... Nilidhani hivyo."

Ukafungua mlango ghafla.

"Mama. Ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa napita."

"Na kapu la nguo, robo saa nzima?"

"Nguo nzito. Nani kakufundisha maswali hayo?"

"Nilitafuta mtandaoni baada ya wewe kupiga meza," ukasema. Ukachukua kapu. "Wamesema wanaweza kuniajiri kawaida, lakini kwa mshahara mdogo sana kuliko malipo ya kampuni. Nichague kabla ya Jumatatu."

"Na utachagua nini?"

"Sijui. Mama, tafadhali. Usiniambie."

Ukafunga mlango. Basi mimi nimerudi hapa jikoni na kurasa zote hizi, nilizoziandika nikidhani nakupa macho, kumbe yako yalikuwa wazi tangu juzi. Ningezichana, lakini mkono wangu umechoka na hasira bado ni mbichi. Zichukue. Zifanye za kusomea ndani ya ndege.

Umeniambia nisikuambie. Hakuna aliyewahi kuniomba kitu kigumu kama hicho, hata yule jaji. Nina jibu, liko hapa kwenye ulimi, linaniunguza. Sikuambii.

Chukua mshahara mdogo, au chukua kampuni. Utasaini ukijua mzigo ni wa nani, na hilo ndilo mimi sikulijua. Ukichagua nisivyopenda nitakugombeza kwenye simu mpaka betri iishe, halafu nitakupigia tena ikijaa. Lakini siku yoyote watakayokuita ujieleze, wawe wa kodi au wa kampuni au jaji mwenyewe, usiende peke yako kama nilivyokwenda mimi. Nipigie. Nitapanda ndege ya kwanza, nitakaa upande wako wa meza, na nitakuacha wewe uzungumze.

Mama yako